Fasihi ya Kiingereza au isimu ya Kiingereza: uandike ipi kwenye fomu ya chuo?

Kila msimu wa kujaza fomu swali hili linarudi: mtu anapenda Kiingereza, shuleni alikuwa anafanya vizuri, anataka akisomee chuo kikuu, sasa aandike fasihi au aandike isimu? Na jibu analopewa mara nyingi ni kwamba zote ni Kiingereza tu, weka yoyote. Jamani, sio yoyote. Hizi kozi mara nyingi zinakaa idara moja, korido moja, hata walimu wengine wanafundisha pande zote mbili, lakini kazi utakayokuwa unaifanya Jumanne usiku ukiwa peke yako mezani ni tofauti kabisa, na ni hiyo kazi ya Jumanne usiku itakayoamua kama miaka yako ya chuo utaifurahia au utaivumilia tu.

Niseme mapema nimeegemea wapi ili unisome ukijua. Mi nilisoma zote mbili kwa pamoja miaka ya mwanzo, nikamalizia na fasihi, na fasihi ndo iko moyoni mwangu mpaka leo. Ila isimu naiheshimu sana, na nimeona watu waliokuwa wanateseka kwenye semina za fasihi wakihamia isimu wanachanua, na wengine kinyume chake. Kwa hiyo sitakwambia ipi ni bora, nitakwambia ipi inadai nini kwako.

Kwa ufupi kabisa: fasihi inachukua kitu kimoja kilichoandikwa na kuuliza kinafanya nini, na kwa nini kimeandikwa hivi na si vingine. Isimu inachukua lugha inayosemwa na mamilioni ya watu na kuuliza inaendeshwa na kanuni gani, na tumezijuaje hizo kanuni. Ukiisoma hivi inaonekana ni tofauti ndogo, kwa hiyo tuone kwa mfano.

Mistari mitatu, meza mbili

Chukua Hamlet ya Shakespeare, tendo la tatu, onyesho la nne. Malkia Gertrude amemwita mwanae chumbani kumgombeza. Anaanza hivi: "Hamlet, thou hast thy father much offended." Mwana anamrudishia: "Mother, you have my father much offended." Mama anajibu: "Come, come, you answer with an idle tongue." Basi, mistari mitatu.

Mwanafunzi wa fasihi anakaa nayo hiyo saa nzima. Kwanza neno "father": mama akilitaja anamaanisha Claudius, mume wake mpya, wakati Hamlet anamaanisha baba yake aliyekufa, kwa hiyo sentensi ni moja ila marehemu ameingia humo ndani bila kuitwa. Pili, Hamlet hajatunga sentensi yake, ameichukua ya mama akabadilisha vineno vichache na kumrudishia, maneno ya mwisho ni yaleyale "much offended", yaani kaigeuza silaha ya mama imwelekee mama mwenyewe. Tatu, mama alianza na "thou", ambayo ni ya mzazi kwa mwana, ya mtu wa karibu, Hamlet akajibu na "you" ambayo ni ya heshima, na papo hapo mama naye akahamia kwenye "you". Ukaribu umekatika ndani ya mistari miwili na hakuna aliyesema "sasa nimekasirika". Hapo semina inawaka: ile "you" ya Hamlet ni heshima ya mtoto kwa mzazi au ni ubaridi? Mwigizaji jukwaani lazima aamue moja, au atafute namna ya kubeba zote mbili, na wewe kwenye insha lazima uamue na utetee kwa maneno yaliyomo kwenye tamthilia yenyewe.

Mwanafunzi wa isimu anaitazama mistari hiyohiyo anauliza: kwani enzi hizo nani alikuwa anampa nani "thou"? Mzazi kwa mtoto tu? Bwana kwa mtumishi? Mtu akikasirika anahama kutoka ipi kwenda ipi? Na hapo Shakespeare peke yake hatoshi, maana mazungumzo ya jukwaani yametungwa, sio watu walivyoongea mtaani, kwa hiyo anakwenda kutafuta barua za watu, kumbukumbu za mahakama, tamthilia za waandishi wengine, anaweka alama kila "thou" na kila "you", anahesabu, anapanga kwa cheo na jinsia na hali ya mazungumzo. Afu anakuja na swali kubwa zaidi: ilikuwaje mpaka "thou" ikapotea kwenye Kiingereza sanifu cha kila siku kufikia mwisho wa karne ya 17, ikabaki kwenye sala, kwenye ushairi, kwa Waquaker (dhehebu la Kikristo) na kwenye baadhi ya lahaja? Na ilipoondoka iliondoka na nini? Maana "hast" nayo ilikwenda, ile alama ya mtendaji nafsi ya pili umoja kwenye kitenzi ikafutika kabisa. Kwake yeye Hamlet na mama yake ni mfano mmoja kati ya maelfu.

Sasa rudia hizo aya mbili. Ipi ulipokuwa unaisoma ulitaka iendelee? Naomba usijibu kwa kuangalia ipi inaonekana ya kisomi zaidi, jibu kwa ile iliyokuvuta, kwa sababu digrii nzima ni hiyo hiyo ikirudiwa kwa vitu vingine.

Kinachosomwa

Fasihi kwa kawaida inapangwa kwa nyakati. Vyuo vingine vinakuanzisha na Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, na hapo utakutana na Beowulf, shairi la mistari 3,182 ambalo limetufikia kwa mswada mmoja tu wa miaka ya karibu na 1000. Utalisoma kwa msaada wa kamusi kwa sababu hicho Kiingereza hakisomeki kwa Kiingereza unachokijua, ni kujifunza upya. Afu Chaucer, aliyefariki 1400, afu Shakespeare na wenzake, Milton, washairi wa kipindi cha ulimbwende (Romanticism), riwaya kubwa za karne ya 19, na mwaka 1922 ambao walimu wanaupenda sana kwa sababu Ulysses ya Joyce na The Waste Land ya Eliot zote zilitoka mwaka huo. Vyuo vingine vinaruka hayo ya mwanzo vinaanzia karne ya 16, na kama Kiingereza cha Kale kinakutisha au kinakuvutia, hilo ni jambo la kuliangalia kabla hujajaza fomu.

Halafu kuna suala la fasihi ya Kiingereza ya nani. Hili lina historia nzito na lazima ulijue. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika hoja kwenye chuo kikuu cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, kwa sababu haikuwa sawa Uingereza ikae katikati na Afrika iwe pembezoni, wakataka fasihi ya Afrika iwekwe katikati pamoja na fasihi simulizi. Ule mjadala haujaisha mpaka leo, umesambaa vyuo vya dunia nzima, na kwa sababu hiyo utakuta idara moja bado inakwenda toka Chaucer mpaka Eliot na nyingine ina Achebe wa Nigeria, Walcott wa Saint Lucia na Morrison wa Marekani kwenye kozi za lazima. Kwangu mimi hiki ndo kipimo cha kwanza cha idara ya fasihi: nani yuko kwenye kozi za lazima na nani kasukumwa kwenye kozi za hiari.

Isimu yenyewe haipangwi kwa nyakati, inapangwa kwa ngazi za lugha. Kuna fonetiki, sauti zinavyotamkwa mdomoni, hapo utajifunza alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa na utaandika matamshi ya watu mpaka sikio lako libadilike. Kuna fonolojia, jinsi sauti zinavyopangwa kwenye lugha: kwa nini "s" ya wingi inasikika s kwenye "cats", z kwenye "dogs", na kwenye "horses" inaongezewa irabu mbele yake, na mzungumzaji hakosei hata siku moja ingawa hakuna aliyemfundisha. Kuna mofolojia ya maneno, sintaksia ya sentensi, semantiki ya maana, na pragmatiki, ambayo inashughulika na vitu kama kwa nini mtu akikuuliza "Can you open the window?" ukajibu ndio na kubaki umekaa atakushangaa. Kuna historia ya lugha: tahajia ya Kiingereza ilianza kutulia baada ya Caxton kuleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, wakati irabu ndefu za lugha zilikuwa katikati ya mageuzi makubwa yaliyochukua takriban kuanzia 1400 mpaka 1700, ndo maana "name" na "time" zinaandikwa hivi na kutamkwa vile. Na kuna isimujamii, lugha inavyotofautiana kati ya makundi ya watu, ambayo watu wengi wakiionja wanabaki.

Mfano wa isimujamii ambao kila mwanafunzi anaupata ni wa William Labov. Alitaka kujua nani New York anatamka r baada ya irabu na nani haitamki, na hakutaka watu wajue wanapimwa. Akaingia kwenye maduka makubwa matatu ya ngazi tofauti, la matajiri, la watu wa kati na la watu wa kipato cha chini, akauliza wahudumu kitu ambacho alishajua kiko ghorofa ya nne. Wakamjibu "fourth floor", r mbili ndani ya maneno mawili. Akajifanya hajasikia, wakarudia kwa kutamka vizuri zaidi. Matokeo aliyoyachapisha 1966 yalionyesha r inapanda kadiri duka linavyopanda ngazi. Nauona ni utafiti mzuri mno, hauhitaji maabara wala mashine, unahitaji swali zuri tu, na kama umeusoma ukasema "nami nataka kufanya kitu kama hicho", basi jibu lako unalo.

Wiki inavyokwenda

Fasihi ni kusoma, kusoma, kusoma. Kozi moja ya riwaya inaweza kukupa riwaya kwa wiki, na hizo za karne ya 19 sio nyembamba, Middlemarch peke yake inafika kurasa mia nane kwenye matoleo mengi, na wiki hiyohiyo una tamthilia mbili za kozi nyingine na makala za uhakiki juu yake. Wanaosalimika ni wale wanaosoma riwaya ndefu wakati wa likizo kabla muhula haujaanza. Kwenye semina unakaa na wenzako kumi au kumi na tano, mwalimu anafungua ukurasa mmoja anauliza mnaona nini, afu kimya. Ukiwa huwezi kusema mbele za watu itabidi ujifunze, na unajifunza kweli, ila mwanzo ni mgumu.

Isimu kurasa ni chache lakini kila ukurasa ni mzito, huwezi kuusoma ukiwa kwenye basi. Na kila wiki kuna mazoezi: unapewa data ya lugha ambayo hujawahi kuisikia, maneno ishirini na maana zake, unaambiwa tafuta viambishi, toa kanuni. Au unapewa sentensi uchore mchoro wa matawi unaoonyesha maneno yake yanavyoshikana. Au unaulizwa kwa nini "Who do you want to see?" mtu anaweza kuitamka "wanna" bila shida, wakati "Who do you want to win?", yaani unataka nani ashinde, wazungumzaji wengi wanaikataa "wanna" hapo. Maelezo moja maarufu ni kwamba kwenye sentensi ya pili lile neno "who" limetoka katikati ya "want" na "to", na nafasi yake bado inazuia hayo maneno mawili kushikana, japo haipo masikioni. Mimi siku niliyoielewa hiyo nilifurahi sana, ingawa mwisho nilikwenda fasihi. Mtu wa isimu anaishi kwa ajili ya nyakati kama hizo.

Kusahihishwa

Hapa ndo watu wanaumia kwa hiyo nikae kidogo.

Fasihi inasahihishwa kwa insha, kuanzia maneno kama elfu moja na nusu mwaka wa kwanza mpaka tasnifu ya mwaka wa mwisho. Watu wanasema fasihi haina jibu sahihi, kwa hiyo andika unachojisikia. Sio kweli, na imewaponza wengi. Majibu sahihi ni mengi, ndio, lakini majibu yasiyo sahihi ni mengi zaidi. Ukisema mhusika fulani ni mwongo inabidi uonyeshe ni mstari gani anadanganya, umejuaje, na ule mstari mwingine anaoonekana mkweli unaufanyia nini. Maksi zinatoka kwenye ushahidi na jinsi hoja ilivyojengeka. Ni kweli pia kwamba insha moja wasahihishaji wawili wanaweza kuitofautiana kidogo, ndo maana vyuo vingi vina utaratibu wa msahihishaji wa pili, lakini kama we ni mtu usiyelala mpaka ujue kama umepata au umekosa, hilo litakusumbua miaka yote.

Isimu ina mchanganyiko. Fonetiki na fonolojia na sintaksia ya mwanzo zina maswali ya kupata na kukosa, unaweza kupata mia kwa mia, kitu ambacho kwenye fasihi husikii kabisa. Ila na sifuri ipo. Ukishapanda miaka ya juu mambo yanabadilika, unakuta nadharia mbili zinaeleza data ileile na wewe ndo unatakiwa kusema ipi inaeleza vizuri zaidi, na wale waliokuja isimu wakikimbia kuandika insha wanashtuka, kwa sababu ripoti za utafiti zinaandikwa na zinatakiwa ziandikwe vizuri. Hakuna upande usio na kuandika, tafadhali mwambie kila anayedhani upo.

Tasnifu nazo zinatofautiana. Ya fasihi inahitaji maktaba nzuri na utulivu. Ya isimu mara nyingi inahitaji watu: uwarekodi, uwape dodoso, na kabla ya hapo upate kibali cha maadili ya utafiti, ambacho kinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo mwenye tabia ya kuanza kazi dakika za mwisho ataumbuka mapema.

Nadharia, hesabu na mashine

Nadharia haikwepeki kokote. Kwenye fasihi utakutana na ufeministi, umaksi, uhakiki wa baada ya ukoloni na mengine, kwenye isimu utakutana na Saussure, ambaye kitabu chake maarufu cha 1916 kilikusanywa na wenzake baada ya kifo chake, na Chomsky ambaye kitabu chake kidogo cha 1957 kiligeuza sintaksia nzima. Mwaka wa pili ndo nadharia zinakukaba, pande zote.

Hesabu ziko isimu. Sio kila kozi, lakini ukigusa isimujamii, fonetiki ya maabara au isimu kopasi (ya makusanyo makubwa ya maandishi na mazungumzo) utajifunza takwimu, utaona grafu za mawimbi ya sauti kwenye programu ya Praat, ambayo ni ya bure, na vyuo vingi vinafundisha na lugha ya programu ya R. Watu waliokimbia hesabu shuleni wanaogopa, ila kiwango kinachodaiwa kwenye digrii ya kwanza kinafikika ukifundishwa toka mwanzo na ukifanya mazoezi.

Fasihi nayo ina ufundi wake ambao watu hawaujui, nao ni matoleo. Frankenstein ya 1818 na Frankenstein ya 1831 sio kitabu kimoja, Mary Shelley aliifanyia mabadiliko. King Lear iliyochapwa 1608 na ile ya 1623 zinatofautiana kiasi kwamba wahariri wengine wanazichapa kama tamthilia mbili. Ukinukuu bila kujua unanukuu toleo gani insha yako inaanguka. Na hili linagusa mfuko: maandishi ya zamani yako bure kwenye intaneti, Project Gutenberg imejaa, kwa hiyo fasihi ya zamani unaweza kuisoma bila kununua, lakini toleo la bure mara nyingi halina maelezo ya chini ya ukurasa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayahitaji sana. Vitabu vya kiada vya isimu ni vichache lakini ni ghali, na matoleo yanabadilika, hapo tegemea maktaba.

Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza

Hili ndo linalowafanya wengi wasite, kwa hiyo nalisema kwa moyo wote: usiogope fasihi kwa sababu hiyo. Mtu aliyezaliwa na Kiingereza akifungua Chaucer naye anakwama, akifungua Beowulf naye anahitaji kamusi, pale mnaanza pamoja. Joseph Conrad alizaliwa kwenye Kipolandi, akajua Kifaransa, Kiingereza akakijua ukubwani, na riwaya zake leo ziko kwenye kozi za fasihi ya Kiingereza kila mahali. Ugumu wako utakuwa kasi ya kusoma, utahitaji saa nyingi zaidi kwa wiki, hilo lipo na nisikufiche. Faida yako ni kwamba unasoma polepole, na kusoma polepole ndo ujuzi wenyewe unaotafutwa.

Kwenye isimu lugha yako nyingine ni mali moja kwa moja. Anayejua lugha moja tu anadhani lugha zote zinafanya vile. Wewe uliyezoea ngeli za nomino na vitenzi vinavyobeba mtendaji na mtendwa ndani ya neno moja unajua tayari kwamba kuna njia nyingi, na kwenye darasa la mofolojia utaona vitu wenzako wanavyohangaika kuviamini. Ila kuna kitu kimoja cha kujiandaa nacho: sintaksia ya Kiingereza inategemea sana hisia ya mzungumzaji wa toka utotoni, hii sentensi inakubalika au haikubaliki, na mara nyingine itabidi uwaulize wengine badala ya kujiuliza mwenyewe. Hiyo sio aibu, ni mbinu ya kawaida ya utafiti.

Kazi baadaye

Zote mbili hazikupi cheti cha kazi moja maalumu kama udaktari unavyofanya. Wa fasihi wengi wanakwenda ualimu, uhariri na uchapishaji, uandishi wa habari, mawasiliano, wengine wanaongeza masomo ya sheria kwa sababu ujuzi wa kusoma maandishi magumu na kujenga hoja unahitajika sana huko. Wa isimu wengi wanakwenda kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha, kutengeneza kamusi, teknolojia ya lugha, na tiba ya matamshi. Angalizo mbili hapo: tiba ya matamshi inadai mafunzo yake ya kitaalamu juu ya digrii, na teknolojia ya lugha inadai ujue kuandika programu za kompyuta, isimu peke yake haitoshi, kwa hiyo kama hizo ndo ndoto zako anza maandalizi mapema. Na ualimu sehemu nyingi unadai cheti chake.

Kama unachagua kwa ajili ya kazi tu, isimu ina njia chache zilizo wazi zaidi, fasihi ina njia nyingi zisizo na kibao. Mi naona mtu anayefanya vizuri kwenye anachokipenda anafika mbali kuliko aliyelazimisha, lakini naelewa kuna wenye familia zinazosubiri jibu la "utafanya kazi gani", na hao wasibezwe.

Wale wa katikati

Vyuo vingi vina digrii ya pamoja, lugha na fasihi. Ni nzuri sana kwa asiyejua bado, shida yake ni kwamba kozi za hiari zinabaki chache kwa sababu za lazima zimekula ratiba. Ukiwa huko tafuta kozi ya elimumitindo, inatumia vifaa vya isimu kusoma fasihi, ndo sehemu pekee ile "thou" ya Gertrude inasomwa kwa macho yote mawili mara moja. Uandishi wa kubuni nao upo kama digrii, ila huo ni uamuzi mwingine, usiuchanganye na fasihi: wapo waandishi waliosoma fasihi na wapo wasioisoma kabisa.

Kabla hujajaza

Jaribu hivi wikiendi moja. Siku ya kwanza chukua soneti moja ya Shakespeare, zilichapwa 1609 zikiwa 154, chagua yoyote, karibu zote zina mistari kumi na minne, ikae nawe saa moja bila kusoma maelezo ya mtu mwingine, uandike unachokiona na unachoshindwa kukielewa. Siku ya pili chukua vitenzi thelathini vya Kiingereza vyenye "-ed" mwishoni, "walked", "played", "wanted" na vingine, visikilize vikitamkwa, uvipange kwa sauti ya mwisho, afu utafute kanuni mwenyewe inayosema lini inakuwa t, lini d, lini inaongezewa irabu. Usitafute jibu mtandaoni. Angalia ni siku ipi muda ulikwenda bila wewe kuangalia simu.

Afu pata mtaala wa mwaka wa pili wa kila idara unayoifikiria, sio ule ukurasa wa matangazo wenye picha za wanafunzi wanacheka kwenye nyasi, mtaala wenyewe, na mitihani ya miaka iliyopita kama wanaiweka wazi. Mwaka wa kwanza unafanana karibu kila mahali, mwaka wa pili ndo unaonyesha idara inaamini nini. Usipoupata waandikie barua pepe uuombe, na kwenye barua hiyohiyo uliza kama mwanafunzi anaruhusiwa kuhama toka fasihi kwenda isimu au kinyume chake baada ya mwaka wa kwanza, masharti ni yapi, na mwisho wa kuomba kuhama ni lini.